Ndege aliyeacha kuruka na kima anayekula mkaa

Wanyama wa visiwani watu wanawagombania sana. Kuna wanaosema hao ndo mabingwa wa kuzoea mazingira, wengine wanasema ni wadekezwa tu, akishuka paka mmoja kwisha habari. Mi naona wote wana pointi, ila inategemea mnyama kabadili nini, mwili au tabia.

Chukua Aldabra kule Ushelisheli. Kuna ndege wa kutembea chini, mababu zake waliruka toka Madagaska, kama kilomita 400 hivi, wakakuta kisiwa hakina mnyama wa kuwala, na kuruka kunakula nguvu balaa, basi vizazi vikapita mabawa yakadhoofu mpaka wakaacha kabisa. Miaka kama 136,000 iliyopita bahari ikafunika kisiwa chote, wakaisha. Kisiwa kilipoibuka tena wakaja wengine toka kulekule Madagaska, na hao nao wakaacha kuruka! Kwa hiyo anayeita huo uzembe hajaelewa, pale kutoruka kulikuwa kunalipa. Lakini upande wa pili nao una hoja nzito, maana watu walipoleta paka, ndege hao wakafutika kwenye kisiwa cha Picard, kimojawapo cha visiwa vya Aldabra, ikabidi warudishwe 1999 paka wakiwa wameshaondolewa. Mabawa hayarudi kwa sababu adui kaja jana.

Sasa kima punju wa Unguja yeye kabadili tabia. Misitu imepungua, kaingia mashambani anakula majani ya mwembe na mkungu (mti wa kungu, sio wa ndizi), yana protini nyingi ila yana kemikali zinazosumbua tumbo, so anatafuta mkaa, hata kwenye visiki vilivyoungua, mkaa unazinasa zile kemikali. Na inavyoonekana watoto wanajifunza kwa mama zao, yaani ujanja unapita ndani ya kizazi kimoja tu, hakuna kusubiri miaka elfu.

Kwa hiyo punju kamshinda ndege? Kwa mwendo wa dunia ya sasa, nasema ndio, ila sio kwa mbali. Sensa ilipata punju zaidi ya 5,800, wengi kuliko walivyodhaniwa, lakini nje ya visiwa vya Zanzibar hawapo kwingine duniani, na mkaa haumsaidii punju mtu akishakata na huo mwembe. Magari ya barabara ya msitu wa Jozani, hukohuko Unguja, yalikuwa yanawagonga sana, vifo vikapungua yalipowekwa matuta, na hapo ujanja wa punju haukuhusika hata kidogo.