Mwalimu wa chekechea hakimbii watoto

Mwalimu wa chekechea akiacha kazi, watu husema watoto wamemshinda. Sikubali. Wengi walioondoka bado huwasimulia wale watoto kwa majina, tena kwa kicheko. Kilichowachosha ni kingine.

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kwamba kazi humwelemea mtu zaidi pale mzigo unapokuwa mkubwa na mamlaka yake ya kuamua yakiwa madogo. Chekechea ndiyo hiyo. Huyu analia anamtaka mama, yule amejikojolea, wa tatu kamng'ata mwenzake, na yote mwalimu ayapokee kwa uso mkunjufu. Hata msalani haendi mpaka apate wa kumshikia darasa. Lakini idadi ya watoto haipangi yeye, wala ratiba. Mzazi akitaka mwanawe wa miaka mitatu ajaze daftari, mkuu wa shule anamkubalia palepale ofisini. Mwalimu anakuja kuambiwa baadaye. Mshahara nao mara nyingi huwa chini ya ule wa mwenzake wa shule ya msingi, kana kwamba anayefuta kamasi hafundishi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa kuchakaa kwa kazi, yaani mtu kuishiwa nguvu na hamu ya kazi yake, si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa ipasavyo. Wa kazini, jamani! Sisi tunampeleka mwalimu semina ya kuvuta pumzi, kisha Jumatatu anarudi kwenye darasa lilelile.

Anayeumia zaidi hana pa kulalamikia. Mtoto mdogo hushikamana na mtu, hashikamani na shule. Akibadilishiwa walimu kila mara, huanza upya kuzoea, na wengine hugoma kabisa kuingia darasani. Huku nyuma, mwalimu aliyebaki anaongezewa watoto wa aliyeondoka, naye anaanza kuulizia nafasi kwingine.

Mimi ningeajiri msaidizi wa darasa kabla ya kupaka kuta rangi. Ningempa mwalimu nusu saa kila siku bila watoto, na ningemwita kikaoni idadi ya wanafunzi inapopangwa. Mkuu atasema fedha hakuna. Basi apige hesabu ya kila mwalimu anayeondoka: usaili, wiki za kumwelekeza mgeni, na ada za wazazi waliohamisha watoto wao.