Leseni ya nani hii?

Kazi yangu ni kuandaa mahesabu ya wafanyabiashara wadogo hapa Dar es Salaam. Nikiingia kwenye duka jipya, kabla sijaomba daftari wala risiti, macho yangu yanakwenda ukutani. Hapo ndipo inapotundikwa leseni ya biashara, pembeni ya cheti cha TIN, yaani namba ya mlipakodi, na kalenda ya benki. Ipo kwenye fremu ya kioo, ndani ya fremu ya duka, kama tunavyotaniana sisi wa kazi hii. Nalisoma jina, kisha namtazama aliyekaa kaunta. Si mara zote wawili hao ni mtu mmoja.

Mwanzoni mwa 2025 nilipelekwa kwenye duka moja la taa na vifaa vya simu Kariakoo. Aliyekuwa akitoa maagizo ni kijana mgeni, Kiswahili chake cha kuhesabia tu: mbili, elfu kumi, hapana punguza. Leseni ilikuwa na jina la Kiswahili kabisa. Mwenye jina nilimkuta mtaa wa pili yake, kwenye kijiwe cha kahawa, mzee mcheshi mwenye kofia safi. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza biashara inaendaje. "Ipi mwanangu?" Halafu akakumbuka, akacheka hadi kikombe kikamtikisika. Akanieleza bila kificho: laki 3 kila mwezi, na sikukuu anakumbukwa.

Yule mzee ndiye ninayemfikiria kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu amri ya biashara 15.

Kwa waliosahau: Julai 28, 2025, Selemani Jafo, akiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, alitangaza amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Humo mna uuzaji wa bidhaa kwa jumla na rejareja, ukiacha supamaketi na mauzo ya jumla ya bidhaa maalumu za wazalishaji wa ndani. Mna uwakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu, ufundi simu, saluni zisizo za hotelini au za kitalii, usafi wa majumbani na maofisini, uchimbaji mdogo wa madini, kuongoza watalii, udalali, kununua mazao shambani, hadi mashine za kamari nje ya kasino. Waliokuwa na leseni waliachwa wazimalizie muda wake, na leseni zetu ni za mwaka mmoja.

Kariakoo ilishangilia, na sikuona ajabu. Soko lile lilifunga milango kwa mgomo Mei 2023, likafunga tena Juni 2024, na kati ya malalamiko yaliyokuwa yakirudi kila mara ni hili la wageni kukaa kwenye maduka ya rejareja. Mchuuzi wetu ananunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu. Mgeni analeta kontena moja kwa moja kutoka kiwandani kwao, anauza jumla, halafu anakaa kaunta na kuuza moja moja kwa bei ileile ya jumla. Hapo huwezi kushindana hata ukiamka saa tisa za usiku.

Kwa hiyo sina ugomvi na nia ya amri. Ugomvi wangu ni kwamba inasoma ukuta. Ukutani hapo kuna jina la raia tayari.

Waandishi wa amri hawakuwa wajinga, walilijua hilo. Ndiyo maana kuna kifungu cha raia anayemsaidia mgeni: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Mgeni mwenyewe ni faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Sasa piga hesabu na mimi. Laki 3 kwa mwezi ni milioni 3 na laki 6 kwa mwaka. Mzee wa kahawa akikamatwa baada ya miaka miwili, amelipwa milioni 7 na laki 2, anatoa 5, anabakiwa na 2 na zaidi. Na nina hakika faini yenyewe hailipi yeye. Yule kijana wa taa ataiweka kwenye gharama za uendeshaji kama anavyoweka umeme na mlinzi.

Tena si mzee peke yake anayekula hapo. Kuna mwenye nyumba anayejua vizuri kabisa ni nani aliyemlipa kodi ya mwaka mzima mkononi. Kuna aliyeachia fremu akachukua kilemba, ile pesa ya kumpisha mpangaji mpya, na mgeni ndiye aliyeweza kutoa kilemba kikubwa kuliko wote waliokuwa kwenye foleni. Kuna dalali. (Kuna na sisi wa mahesabu. Mimi kazi ya lile duka niliikataa, ila kuna mwenzangu aliichukua, na mwaka ule alipaua nyumba.) Mnyororo wote huu ni wa raia. Ningekuwa mimi, adhabu ya raia ndiyo ingekuwa nzito kuliko ya mgeni, kwa sababu bila jina la raia hakuna leseni, na bila leseni mgeni hafungui.

Zana za kumsaka mwenye mali halisi tunazo. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020, kampuni zinatakiwa kuwataja wamiliki manufaa wao kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni; mmiliki manufaa ni yule binadamu anayefaidika na kampuni, awe ametajwa kwenye hisa au la. Sasa hiyo taarifa ikae kabatini ya nini wakati afisa biashara wa halmashauri anazunguka na kitabu akikagua leseni ukutani?

Kuna upande mwingine unaonipa wasiwasi zaidi. Amri inasema "wasio raia", haisemi wa kutoka wapi. Mkenya mwenye saluni Arusha yumo. Waziri wa Biashara wa Kenya, Lee Kinyanjui, alilalamika siku chache tu baada ya tangazo, akikumbusha Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambayo inafanya kazi tangu Julai 2010 na ambayo sisi tumeisaini. Tunao ndugu zetu Nairobi na Mombasa wanaouza viatu, vitunguu na vinyago. Wakianza kusomewa ukuta huko, tutapiga kelele sisi wa kwanza.

Karatasi kubadilika huku biashara ikibaki ileile, tumeshaiona. Mwaka huohuo wa 2025, mwishoni mwa Machi, zilikuja kanuni za kupiga marufuku bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Nilizifurahia sana. Mteja wangu mmoja alikuwa akilipia ofisi kwa dola. Mkataba ukaandikwa upya kwa shilingi, safi kabisa. Kila robo mwaka mwenye nyumba anampigia simu kumwambia kodi imebadilika, na kiasi kinachoongezeka kinafuata dola kama kivuli. Kwenye karatasi hakuna dola hata moja.

Wiki kadhaa baada ya amri ya biashara 15 nilipita tena kwenye lile duka la taa, nilikuwa nahitaji chaja. Kaunta alikuwa binti wa Kitanzania, mchangamfu, anajua bei zote. Yule kijana alikuwa nyuma kwenye maboksi. Leseni palepale, jina la mzee. Nikaomba lipa namba, ile ya kulipia dukani kwa simu, nikaingiza elfu 15, na kabla ya namba ya siri simu ikanionyesha jina la ninayemlipa. Halikuwa la mzee. Nikamuuliza binti kama ni lake.

"Hapana kaka," akasema, "hilo hata mimi simjui. Wewe lipa tu."