Chicago aliisahihisha, Vitebsk hakuigusa

Sisi tulio ughaibuni tuna ugonjwa mmoja: nyumbani tunakokusimulia ni kule tulikokuacha, na bei za sokoni ni za mwaka tuliopanda ndege. Mchoraji Marc Chagall aliugua hivyo maisha yake yote, ila yeye ugonjwa ulimlipa.

Alizaliwa 1887 katika familia ya Kiyahudi ya Vitebsk, leo Belarus. Baba alikuwa kibarua wa ghala la samaki wa chumvi, mama ana duka la vyakula. Enzi ya mfalme wa Urusi, Myahudi hakuishi St. Petersburg bila kibali. Paris hakuna aliyemuuliza. Huko ndiko alikochora "Mimi na Kijiji", 1911, turubai ya sentimita 192 kwa 151, sasa iko New York. Ukisimama mbele yake usikimbilie rangi. Fuata kwanza ule mstari mwembamba kutoka jicho la mtu wa uso wa kijani hadi jicho la mnyama. Ingia shavuni mwa mnyama: mna mwanamke anakamua maziwa. Kisha panda juu kwenye safu ya nyumba, ambako mbili zimesimama kichwa chini.

Wengi huziita picha zake ndoto. Kwa maoni yangu, nusu yake ni lugha tu. Kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa kwao, ombaomba wa mlango hadi mlango husemwa "anapita juu ya nyumba", basi Chagall akamchora mzee na fuko lake akielea kweli juu ya mapaa ya Vitebsk. Ni kama mchoraji wa Mombasa amchore bahili akiwa na mkono wa birika: nani kwetu angesema ni ndoto?

Ng'ambo nayo haikumtuliza. Mwaka 1941 aliwakimbia Wanazi, akaenda New York, na Bella, mkewe anayeelea naye angani katika picha nyingi, akafia Marekani 1944. Alirudi Ufaransa 1948.

Sasa tazama Chicago. Mozaiki yake ya "Misimu Minne", picha ya vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa, ndefu kama mita 21, ilizinduliwa 1974 uwanjani katikati ya mji. Haina kiingilio. Hali ya hewa ya kule si ya mchezo. 1994 ilikarabatiwa na kufunikwa kwa paa la kioo. Michoro aliiandaa Ufaransa, akikumbuka mji aliouona miaka mingi nyuma. Alipofika akakuta maghorofa mapya, akasahihisha mandhari ya majengo papo hapo.

Vitebsk hakuwahi kuisahihisha. Mwaka 1973 Wasovieti walimwalika, akafika Moscow na Leningrad (ndiyo ile St. Petersburg), lakini kwao akakataa kwenda. Anayemlaumu akumbuke kwamba vita viliubomoa mji ule karibu wote, na Wayahudi, waliokuwa kama nusu ya wakazi alipokuwa mtoto, waliobaki humo 1941 waliuawa. Mzee wa karibu miaka 86 akarudi zake Ufaransa, akaendelea kuchora mapaa yaleyale.