Cyrano Naye Alipenda Sura

Juzi, katika mjadala wa tamthilia, mzungumzaji mmoja alitutangazia kwa sauti ya mahubiri kwamba Cyrano de Bergerac, shujaa wa tamthilia yenye jina hilohilo, ndiye kielelezo cha pendo la kweli, na kwamba Christian ni sura nzuri isiyo na chochote ndani. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

Tangu tamthilia hiyo ya Edmond Rostand ilipoonyeshwa Paris mwaka 1897, watazamaji wamemlilia huyu mwenye pua kubwa anayemwandikia Christian, kijana mtanashati, barua za kumpelekea Roxane, mwanamke wanayempenda wote wawili. Sawa, maneno ni yake. Lakini hebu tumsikilize katika sehemu ya kwanza, rafiki yake Le Bret anapomwuliza anampenda nani. Anajibu kwamba pua yake, inayomtangulia kwa robo saa kila aendako, imemnyima hata ndoto ya kupendwa na mwanamke mbaya wa sura. Kwa hiyo, hana budi, anampenda aliye mzuri kuliko wote. Huyo ndiye mtetezi wetu wa roho dhidi ya mwili! Na muda mfupi kabla ya hapo, msichana anayeuza vitafunio ukumbini, alipojua kwamba bwana huyu ana njaa na hana senti, alimkaribisha ale bure. Cyrano akachukua punje moja ya zabibu, glasi ya maji na nusu ya biskuti, akambusu mkono, basi. Le Bret anamkumbusha kwamba macho ya msichana yule hayakumchukia. Cyrano anakiri kuwa ni kweli, na mazungumzo yanarudi palepale kwa Roxane.

Roxane naye si malaika: Christian anapomwambia tu kwamba anampenda, bila mapambo, anamfukuza.

Anayedharauliwa ndiye anayenigusa. Wafaransa wanapouzingira mji wa Arras uliokuwa mikononi mwa Wahispania, mwaka 1640, Roxane, ambaye sasa ni mke wa Christian, anamwambia kwamba angempenda hata angekuwa na sura mbaya. Mwingine angeshangilia, lakini yeye anatambua papo hapo kwamba anayependwa si yeye, na badala ya kujinyamazia na kubaki na mke, anamtaka Cyrano amweleze Roxane kila kitu ili achague mwenyewe. Muda si muda, risasi inamwangusha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Cyrano alihatarisha maisha yake kila siku kuzivusha barua zile katikati ya Wahispania. Hata hivyo, baada ya kifo hicho alimwacha Roxane avae nguo za matanga utawani miaka yote ile, akimtembelea kila Jumamosi na habari za mjini, na huko ndiko tunakokuita kujitoa mhanga. Roxane anapomwuliza mwishoni kwa nini alinyamaza miaka 14 ilhali machozi yaliyoilowesha barua ya mwisho, ile Christian aliyokufa nayo kifuani, yalikuwa yake, anajibu kwamba damu ilikuwa ya Christian. Jibu hilo ni tamu masikioni, ila Christian ndiye aliyemtaka aseme.