Mlango una sheria, ndege haina

Tulikuwa uwanja wa ndege wa Manda tukimsindikiza mama anayerudi Nairobi. Boti ilituvusha kutoka Amu, yaani Lamu, mapema mno, na watoto walikwisha kuchoka kutazama mikoko. Ghafla ikatua ndege ndogo ya mtu binafsi, ya zamani, yenye gurudumu la mkiani: pua juu, mkia chini. Binti yangu akauliza mbona imekaa kitako. Mama akacheka. "Ndivyo ilivyokaa Dakota, mjukuu wangu, ila hii ni kitoto chake. Kwenye Dakota ukiingia mlangoni unapanda kilima mpaka kwenye kiti chako."

Shemeji yangu, mtu wa hesabu, akasema ndege kuukuu ni skrepa tu, isipokuwa ile inayomlipa mwenyewe. Tukabishana kama Dakota itunzwe kwa kumbukumbu au iuzwe kwa kilo, mpaka abiria walipoitwa.

Hoja yake si nyepesi. Dakota, yaani Douglas DC-3, iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na pamoja na zile za kijeshi za wakati wa Vita vya Pili ziliundwa zaidi ya 10,000. Si kitu adimu. Kuirusha ni gharama, maana injini zake za pistoni zinataka petroli ya ndege, ilhali ndege za siku hizi kama Caravan zinatumia mafuta ya jeti. Ukiiegesha nje pwani hapa, chumvi haikuachi. Upepo wa bahari huipenyeza kwenye maungio ya ribiti, alumini ikaanza kutoa unga mweupe na kubanduka tabaka kwa tabaka. Nimeona mabati ya nyumba za Malindi yalivyoliwa. Ndege ya maonyesho isiyo na paa wala mtu wa kuiosha inaoza mbele za watu, na hilo naliona baya kuliko kuiuza kwa kilo.

Lakini mtu wa Amu asiharakishe kusema "iende tu". Tulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, tanga lake la mkeka. Watu wa visiwa hivi walikiona kila msimu, wakakizoea, na mwanzoni mwa karne iliyopita kikatoweka. Leo ukitaka kumwonyesha mtoto, unampeleka makumbusho akaone mfano mdogo. Bila shaka waliokiacha nao walisema vyombo ni vingi.

Tena Dakota kwetu haikuwa chombo tu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililokuja kuzirusha Dakota, lilianza 1946, likawa mali ya pamoja ya nchi zetu, na likafa 1977 pamoja na Jumuiya ya wakati ule. Kenya Airways ikazaliwa mwaka huohuo. Ndege yenye rangi za shirika lile inasimulia ushirika uliovunjika, na mtoto huielewa kwa kuitazama kabla hajasoma mkataba wowote.

Sheria yetu ya makumbusho na turathi ya 2006 ina kichekesho hapa. Kitu cha kale kinachohamishika ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, wakati ambao hakuna ndege iliyokuwa ikiruka kwa injini na mtu ndani. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1946 unalindwa kwa kutajwa. Ndege haitajwi. Waziri anaweza kutangaza kitu kingine chochote kuwa cha kulindwa, kwa hiyo njia ipo, anayekosekana ni wa kuiomba.

Mimi nimeegemea katikati, ila karibu zaidi na mama. Ndege nzima nisingeileta Manda wala Malindi, bahari itaila. Ningetaka rafadha moja, kiti, ratiba za safari, na sauti za wazee waliosafiri, viwekwe ndani ya kuta. Shemeji anasema huko ni kutunza vipande. Sawa, lakini vipande havihitaji banda la ndege.

Nyumbani mama bado ana mkoba wa bega wa shirika lile, ukanda umekatika. Ndimo anamoweka hati za shamba. Nilipomwomba asiutupe alinitazama kama mtu aliyekosewa adabu: autupe kwa nini, na zipu bado inafunga?