Shimo la Winnipeg katika Ardhi ya Kisoro

Jumamosi niliamka nikakuta mbuzi wanne kwenye maharagwe yangu. Hawakuruka ua. Walipita tu kama wageni waalikwa, kwa sababu nguzo tatu za ua wa shemeji zilikuwa zimelala chini, zimekatika pale pale usawa wa ardhi, laini kama muhogo uliochemshwa. Ua wenyewe haujatimiza miaka miwili.

Nauita ua wa shemeji ingawa msimamizi nilikuwa mimi, na hapo ndipo paniumapo. Shemeji yuko Winnipeg, Kanada. Alipotuma pesa alituma na masharti kwa WhatsApp, sauti ya dakika kumi na moja: kila shimo futi 4, lisipungue hata inchi, kwa kuwa Kisoro, huku kwetu Uganda, ni baridi. Fundi, mzee aliyeanza kuchimba mashimo kabla sijajua kusoma, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyu anataka kuzika nguzo au kuzika mtu?"

Tukachimba. Anayeijua Kisoro ameshaanza kucheka. Chini ya mlima Muhavura huku hujafika mbali mtaimbo unalia, mawe ya volkano matupu. Vibarua wawili, siku sita, mtaimbo mmoja ukapinda.

Huko kwake, shemeji ana haki. Winnipeg ardhi huganda zaidi ya mita moja kwenda chini. Maji ya udongoni yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, barafu inaikamata nguzo na kuinyanyua, na ikiyeyuka nguzo hairudi ilipokuwa. Misimu michache tu, ua umekuwa kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Ndiyo maana wanachimba mpaka waipite barafu. Sawa. Lakini ardhi yetu imeganda lini? Usiku wa baridi kali hapa ni nyuzi 10 hivi; tunavaa makoti, tunalalamika, udongo wala hauna habari. Barafu ya Uganda iko Rwenzori, juu kabisa, kilele cha Margherita, mita 5,109, nayo inazidi kwisha, na sijasikia mtu anayejenga ua kule.

Kinachotumaliza sisi ni maji. Mvua za Machi hadi Mei, halafu zile za Septemba, nguzo inalowa, inakauka, inalowa tena. Inaoza pale inapochomoza ardhini, maana ndipo unyevu na hewa vinapokutana. Nimeving'oa vile visiki mwenyewe: kule chini, sehemu tuliyoilipia siku sita, mti ni mgumu kama siku ya kwanza! Futi 2 na nusu zingetosha, na pesa iliyobaki ingenunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, zile za rangi ya kijanikijani. Badala yake tulinunua mikalatusi mibichi iliyobanduliwa magome jana yake, tukaipaka oili chafu ya gari, tukajipongeza.

Haya, mawili aliyosema shemeji yalikuwa ya maana, nayakubali shingo upande. Kokoto chini ya nguzo, maji yapate njia. Na saruji ipande juu ya ardhi kidogo, iteremke pembeni kama paa, maji yasituame shingoni mwa nguzo. Hilo la pili hatukulifanya. Saruji yote ilikuwa imemezwa na mashimo.

Na mzee aliyasema haya yote siku ile ya kwanza, amesimama na kikombe chake cha bushera. Nikamjibu, "Mzee, tumfuate mwenye pesa." Mimi huyu, ninayepita kila siku kando ya kuta za mawe makavu zilizopangwa na wazee wa hapa bila saruji wala shimo, mbuzi akizitazama anageuza njia.

Jana shemeji kapiga simu. Anataka tumjengee baraza ya mbao mbele ya nyumba, kama ile ya kwake. Akauliza kama futi 4 zitatosha au tuongeze.

Nimemwambia mtandao unasumbua.