Watu wa redio, podikasti tuzisikilize kwa kasi yake

Ingia chumba chochote cha habari Mbeya au Iringa, hukosi kumkuta mtu na hedifoni masikioni, na mara nyingi anasikiliza podikasti, yaani vipindi vya sauti vinavyowekwa mtandaoni. Mimi ni mtayarishaji wa vipindi vya redio, sababu zake nazijua. Barabara ya Mbeya hadi Iringa, kwa kupitia Makambako na Mafinga, ni ndefu na mtandao unakatika njiani, kwa hiyo tunapakua vipindi mapema kwa Wi-Fi ya ofisini. Bando lenyewe ni la kujinunulia.

Lakini tunasikilizaje? Programu nyingi zina sehemu ya kuongeza kasi, na wenzangu wengi huweka moja na nusu, wengine mbili kabisa. Kuna hata programu zenye uwezo wa kukata ukimya, mtu akinyamaza kidogo tu, pale panarukwa. Wanasaka swali zuri, namna ya kufungua kipindi, mada ya kesho. Siwalaumu, kipindi cha asubuhi hakimsubiri mtu.

Ila kwa kasi hiyo tunapoteza kitu ambacho podikasti inakiweza kuliko redio yetu, nacho ni subira. Podikasti ya Serial, ya mwandishi wa habari Sarah Koenig wa Marekani, mwaka 2014 ilitumia vipindi 12 kufuatilia kesi moja tu ya mauaji yaliyotokea Baltimore mwaka 1999. Kesi moja! Sisi mgeni tunampa dakika chache, na humohumo matangazo ya wadhamini na muziki.

Kisha tunamkatiza. Muulize mama anayelima parachichi Rungwe bei ya msimu huu, ataanza na shamba la chai aliloachiwa na baba yake, namna kaka zake walivyotaka liuzwe, na yeye alivyokataa. Mtangazaji anaingilia: "Sawa mama, kwa hiyo bei ni shilingi ngapi?" Bei tunaipata, na habari yenyewe imeishia hapo. Mtu aliyezoea kusikiliza wengine kwa kasi maradufu atawezaje kumvumilia mzee anayetafuta neno? Naamini kabisa kwamba sikio la hedifoni ndilo hilohilo tunaloingia nalo studio.

Na hadithi tunazo. Kuna wastaafu wa TAZARA hapa Mbeya waliofanya kazi tangu reli ilipokamilika mwaka 1975, na wengi wao sasa ni wazee sana. Kuna wachuuzi wa Mwanjelwa, kuna wakulima wa mpunga Kyela.

Ombi langu kwa wakuu wa vipindi: tengeni saa moja kwa wiki, mgeni mmoja, bila wimbo katikati. Ikishatoka hewani, iwekeni mtandaoni kama podikasti, ili kijana wa Tukuyu au Ludewa anayeishi Dar es Salaam aisikilize akiwa kwenye daladala. Na mtayarishaji wake, kabla ya kuirusha, aisikilize yote kwa kasi ya kawaida.